Kiti cha Msikiti na Sinia la Awa

Benchi letu zamani lilikuwa mlango wa duka. Duka halipo tena, mlango umebaki. Tumeulaza juu ya matofali pembeni mwa ghala la korosho, hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na mpaka leo kitasa chake kinamchoma kila anayekaa upande wa kushoto. Hapo ndipo Abacar huweka birika lake la kahawa baada ya Adhuhuri, na sisi huweka makalio na akili zetu, vyote pamoja, maana kwa baadhi yetu havipishani sana. Yuko Abílio, tunamwita Diretor, mkuu wa shule, ingawa kazi yake shuleni ilikuwa kugonga kengele. Yuko Gildo, fundi simu, jina lake la kijiweni Bateria, kwa kuwa huanza mazungumzo kwa nguvu na huzimika katikati. Yuko Tuaibo, Kontena, na hilo jina halihitaji maelezo. Na niko mimi, Pasaporti. Nimekaa Mtwara, Unguja, Nampula na Durban, na kote huko tumbo langu lilitangulia kuingia, mimi nikafuata nyuma kama mkalimani wake. Jumamosi hiyo Tuaibo alikuja amechelewa, anachechemea, na mkononi ameshika mguu wa kiti cha plastiki.

— Huo mguu wa nani? Bateria akamwuliza.

— Wa kiti cha msikiti.

— Na kiti chenyewe kiko wapi?

— Kiti ndiyo hiki. Kilichobaki kule si kiti tena.

Akaketi. Ubao ukalia, matofali yakaitikia. Abacar akamjazia kikombe bila kuombwa.

Kwa asiyemjua: ile sauti inayoamsha mtaa wetu Alfajiri ni ya Tuaibo. Miaka ile tuliyokimbia vita, mtaa ulikaa kimya. Siku aliporudi akaadhini, watu walitoka wakasimama barabarani tu, Waislamu na Wakristo, wengine miswaki ingali mdomoni. Lakini tangu mwaka jana mwili wake umekuwa mkubwa, presha imepanda, goti halikunjiki. Enfermeira, muuguzi wa kituo cha afya, kamwambia apungue, asipopungua goti hilo asahau. Ndipo akaanza kusali juu ya kiti.

— Kimevunjika rakaa ya tatu, akasema. Na mnajua nani alinipisha kile kiti? Mzee Suleimane. Mzee vile! Anasujudu mwenyewe, anainuka mwenyewe. Mimi mtoto kwake nikapewa kiti, na kiti nimekiua.

— Watu walicheka? nikauliza.

— Ndani ya swala hakuna kucheka. Lakini mabega ya safu ya mbele niliyaona yanatikisika.

Basi tukacheka sisi, mabega na mdomo. Yeye hakucheka.

— Sirudi tena, akasema. Nitasali nyumbani mpaka siku nitakayoweza kuweka paji la uso chini kama watu. Na kuadhini aadhini mwingine.

— Hapo unatuonea, Diretor akasema. Mimi Mkatoliki, saa sina. Usipoadhini wewe, misa nitaikuta imekwisha.

— Kanunue saa.

— Saa ina sauti yako?

Tuaibo akawa anauzungusha ule mguu wa kiti. Na benchi letu, likiona mtu ana shida ya kweli, hujua la kufanya: kila mmoja hutoa ushauri.

Bateria akawa wa kwanza kuchomoa simu.

— Jambo dogo hili, bwana Kontena. Siku hizi mwili unapunguzwa kwa hesabu. Humu ndani mna programu. Unaandika ulichokula, yenyewe inakwambia kaloria. Ukifika mpaka, unafunga mdomo. Haya, jana mchana ulikula nini?

— Wali wa nazi, samaki, na matapa.

— Wali kiasi gani?

— Sinia.

— Sinia siyo kipimo. Gramu.

— Wewe ukila kwa mama yako unapewa kwa gramu?

— Ngoja. Matapa haiyajui. Majani ya mhogo nayo haiyajui. Imeniletea kabichi. Chagua: ya kuchemsha au mbichi?

— Sijala kabichi tangu mwaka jana.

— Tuandike kabichi tu, hesabu iende. Na matonge? Ulikula matonge mangapi?

Benchi zima likamgeukia. Abacar aliyekuwa anamimina akaacha kumimina.

— Bateria, mwanangu, nikamwambia taratibu, wewe umekulia Mueda, hatukulaumu. Lakini huku pwani mtu unaweza kumwuliza umri wa mkewe, unaweza kumwuliza meno yake yamekwenda wapi. Ukimhesabia matonge, mke hupewi.

— Kumbe ndiyo maana sijaoa?

— Hiyo sababu mojawapo. Zingine tutakwambia ukikua.

Bateria akairudisha simu mfukoni. Tayari ameshazimika.

Diretor akakohoa. Huyu ana methali kwa kila jambo, na kila methali ina jambo lake lisiloihusu.

— Wahenga walishamaliza, akasema. Haba na haba hujaza kibaba. Maana yake nini? Ukila kidogo kidogo, unajaa. Kwa hiyo kula yote kwa mpigo mmoja, mwili usipate nafasi ya kujua.

— Na mazoezi? Enfermeira kasema nitembee.

— Utembee, sawa. Lakini mwendo wa pole, maana haraka haraka haina baraka.

— Nitembee polepole kama nani?

— Kama mimi.

— Wewe Diretor hutembei. Hata mazishini unapanda mota, nyuma ya pikipiki ya kukodi.

— Mwenda pole hajikwai. Na anayepanda mota hajikwai kabisa.

Nikaona wananipita. Nikawaletea ya Durban.

— Ndugu zangu, mimi kule nilipelekwa kwenye nyumba ya mazoezi. Kuna mkanda unakimbia chini ya miguu, na wewe unakimbia juu yake. Nilikimbia mpaka nikaona nyota mchana. Nikafungua macho: ukuta ule ule, feni ile ile, na mama mmoja pembeni yangu anakimbia huku anaongea na simu. Nimesafiri sana maishani, lakini ile ndiyo safari pekee niliyolipa nauli nikabaki kituoni.

— Ulipungua?

— Jasho lilipungua. Nilipotoka nje nikakuta anauza maandazi mtu wa kwetu, wa Palma. Ningempitaje bila kumsalimu?

— Mnahangaika bure, akasema Abacar, ambaye huwa hasemi mpaka birika lifike nusu. Unene si chakula. Unene ni upepo. Mtu akiongea anafungua mdomo, upepo wa bahari unaingia, unakosa pa kutokea. Watazameni wanasiasa. Wakija kuomba kura wembamba. Baada ya hotuba mbili tatu, shati halifungi.

— Kwa hiyo dawa?

— Kunyamaza upande wa baharini. Ukitaka kusema, geukia Awasse, upande wa bara.

Mnacheka, lakini Diretor aligeuka akatazama njia ya Awasse, akasema "moja, mbili, moja, mbili" kujaribu. Na hapo ndipo akapata wazo lililotupoteza kabisa.

— Abacar kanifungua macho! Upepo, bahari... Mwili wa mtu ni maji. Maji ya bahari yanajaa na kupwa. Basi na mwili unajaa na kupwa! Enfermeira alimpima Kontena maji yakiwa yamejaa. Lazima apimwe bamvua ya kupwa, tuone uzito wake wa kweli.

— Sasa hivi maji yamekupwa, Bateria akasema, amepata moto tena.

— Na mizani? akauliza Tuaibo.

Wote tukageuza shingo. Ghala la korosho lilikuwa wazi, na mizani kubwa ya magunia imekaa mlangoni, inatungoja.

Mwenye mizani ni Paulino, mtu mpole, ameshapima magunia mengi kuliko mchanga aliopima Mungu. Hakuuliza kitu. Tukamsukuma Tuaibo juu ya bati. Paulino akasogeza vyuma, akachungulia, akatikisa kichwa kama anavyowatikisia wakulima wote.

— Natoa uzito wa gunia, akasema.

— Gunia gani? Huyu amevaa kanzu!

— Natoa unyevu. Hii haijakauka.

— Paulino, huyu ni mtu!

— Natoa na takataka. Kila mzigo una takataka zake.

Akataja uzito. Ndugu wasomaji, Tuaibo alikuwa amepungua kuliko siku aliyooa. Mizani ile imewaliza wakulima wa wilaya nzima, msimu baada ya msimu, na leo kwa mara ya kwanza ilimfurahisha mtu.

— Mimi mwembamba! akapiga kelele. Enfermeira aje anione huku!

Tuliporudi benchini alikuwa anacheka mpaka machozi, nami nikafikiri tumemtibu. Ndipo chapa, basi dogo linalotoka Pemba ya huku kwetu, likapita, linapiga honi, mabegi yamefungwa juu, mbuzi mmoja dirishani. Tuaibo akaacha kucheka. Akainuka nusu, akawatazama wanaoshuka pale njia panda, mmoja mmoja, mpaka mlango ukafungwa. Akakaa tena. Hilo nimeliona kila mchana, na kila mchana nimedhani ni umbeya tu, maana mimi mwenyewe hutazama wanaoshuka kwa umbeya.

Miongoni mwa walioshuka alikuwako mwanamke mmoja kijana, mkoba begani, simu mkononi imepasuka kioo. Akaja moja kwa moja kwetu.

— Shikamooni. Fundi simu ni nani hapa?

— Ni mimi, akasema Bateria, na akakaa wima ghafla, tumbo ndani. Karibu, dada. Jina?

— Inês. Mimi professora mpya wa shule ya hapa, nimepanga chumba hapo nyuma ya ghala. Natoka kwa bibi yangu Awasse.

Tukampisha nafasi, ile ya kitasa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi. Bateria akafungua simu ya Inês kwa umakini wa daktari wa moyo. Sisi tukarudia kesi yetu: Diretor na bamvua, Abacar na upepo, mimi na mkanda. Professora alisikiliza, anacheka kila mahali panapostahili na mahali pawili pasipostahili. Tulipofika kwenye sinia akamgeukia Tuaibo.

— Samahani, baba. Kwenu mnakula wangapi?

Swali lenyewe ndilo hilo. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulijibu. Mimi, ambaye hujibu maswali ya wote, nikamgeukia Diretor. Diretor akatazama kikombe chake. Abacar akainamisha birika, likatoa tone moja, kisha likatoa pumzi. Kahawa imekwisha. Mimi ninayejua majina ya mitaa ya Durban, ninakaa ubao mmoja na Tuaibo tangu turudi, sijui kwake wanakula wangapi.

— Naulizia tu, akasema Inês. Sisi kwa bibi tulikuwa wengi kwenye sinia moja, na kaka zangu wana mikono ya kunguru. Hata ningetaka kunenepa, nafasi sikuipata.

— Wawili, akasema Tuaibo.

— Sinia zima? Wawili?

Akauweka ule mguu wa kiti chini.

— Mke wangu Awa anapika sufuria ya zamani. Ya nyumba nzima. Watoto walibaki Pemba na Montepuez, na wajukuu. Kila tukiongea wanasema wanakuja, karibu wanakuja. Awa anasema: wakishuka kwenye chapa wakakuta nimepika kisufuria cha watu wawili, si watajua tulishawakatia tamaa? Basi anapika ya wote. Chapa linapita. Hawashuki.

— Na wali? nikauliza, ingawa nilishajua.

— Awa anakula kama ndege. Mwanzoni nilikuwa nauacha. Lakini sinia likirudi jikoni na wali, anakaa nalo mlangoni, halioshi, hasemi kitu. Siwezi kumwona vile. Nikawa naumaliza. Changu, cha binti yangu Dalila, cha Márcia mke wa mwanangu, cha watoto. Akija kulichukua linang'aa, ananiambia "alhamdulillahi", analiosha.

Upepo ukavuma kutoka baharini na hakuna aliyekumbuka kufunga mdomo.

— Kwa hiyo wewe, nikasema, unakula kwa niaba.

— Nakula kwa niaba, Pasaporti.

— Na kila siku unatoka hapa wa mwisho...

— Sinia liko nyumbani linaningoja. Wewe ungewahi?

Nataka kuwaambia kwamba nilisema neno la hekima. Nilichosema ni hiki:

— Leo mmepika nini?

— Wali. Samaki wa kupaka.

— Mimi kwangu leo ni ugali wa shima na dagaa wa jana.

— Mimi kwangu, akasema Diretor, ni mimi peke yangu.

— Mimi sijapika, ndiyo kwanza nimeshuka, akasema professora.

Bateria hakusema alichonacho kwake. Alikwishainuka, kioo cha simu mkononi, anamwelekeza Inês njia asiyoulizwa. Diretor akapunga mkono kuita mota. Tuaibo akamshika mkono, akaushusha.

— Kwa miguu, Diretor. Mwendo wa pole, si umesema?

Basi tukaenda. Kutoka ghalani mpaka kwa Tuaibo si mbali kwa mtu wa kawaida, lakini sisi tulipumzika penye mwembe, tukapumzika kwa muuza mkaa, tukapumzika bila sababu. Diretor alikuwa anatweta kama pampu ya baiskeli, na mimi, msafiri wa nchi tatu, nilikuwa nyuma ya Diretor. Aliyetangulia ni Tuaibo, anachechemea, anatugeukia kutuita wazee. Abacar alikuja na birika tupu, vikombe vinalia ndani ya kikapu, na watoto wa mtaa wakatusindikiza wakidhani ni harusi.

Awa alituona tukiwa mbali. Alitoka mlangoni, akaweka mkono juu ya macho dhidi ya jua, akatazama kundi zima la vichwa linalokuja. Nikaona bega lake linapanda. Kisha tukakaribia, akatujua ni sisi, bega likashuka. Tuaibo naye aliliona. Akasema haraka:

— Mama Dalila, wageni.

— Nawaona. Na huyu binti?

— Professora mpya. Yuko peke yake.

Awa akamtazama Inês, kidogo tu. Akamshika mkono.

— Ingia, mwanangu. Mahali pako papo.

Mkeka ukatandikwa, sinia likaja, mvuke unapanda. Awa akaleta na kigoda cha Tuaibo, kama kawaida.

— Kiondoe, akasema Tuaibo. Na wageni sikai juu.

— Goti lako je?

— Goti halijaalikwa. Litanifuata.

Tukamshusha. Nasema tulimshusha, kama fundi anavyoshusha mashine kwenye lori: mmoja kwapani huku, mmoja kule, mguu mbovu ukanyooshwa upande, Diretor akitoa amri na yeye hajashika popote. Alipofika chini akaugusa mkeka kwa kiganja. Mtu angedhani anausalimu.

— Siku nyingi sijaiona nyumba yangu kutokea huku, akasema.

Bismillahi. Na hapo nikaelewa habari za mikono ya kunguru, maana Bateria, pamoja na kumwona Inês, alikula kama anayemalizia chaji. Inês hakuwa nyuma. Abacar alikula kimya, kwa mkono uliozoea birika miaka na miaka. Mimi sijisemi. Tuaibo alipeleka tonge, akarudisha mkono, akakuta mahali pake pameshakuwa bati tupu. Akanitazama.

— Pasaporti, hiyo si ilikuwa upande wangu?

— Mimi nakula kwa niaba.

Awa alisimama pale kizingitini na sufuria. Akaja kuongeza. Akarudi jikoni, akaja kuongeza tena. Mara ya tatu tulisikia kijiko kinagonga chini, kinakwangua, na kikaendelea kukwangua mahali ambapo hapana kitu tena. Akatokea, ameshika sufuria imeinamia upande wetu, ili tuone ndani.

— Umekwisha, akasema.

Hakuwa anaomba radhi. Mwanamke wa pwani, wageni wameketi, wali umemwishia, na anatabasamu!

— Umekwisha, Tuaibo. Na ukoko nimekwangua.

— Nimeona, mama Dalila. Na mimi bado nasikia njaa kidogo.

— Kweli?

— Kweli. Raha yake!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Diretor, anajipangusa kidevu.

Tulimgeukia sote, tayari kumsahihisha. Hakuna aliyepata pa kumsahihisha.

— Watoto wakishuka siku moja watukute hapa je? Awa akauliza, anakusanya sinia.

— Tutajibana, akasema Inês.

— Na mimi nitakaa mlangoni, akasema Bateria. Ila professora asihame.

Nje jua lilikuwa limeinama kidogo, saa ya Alasiri inakaribia. Tuaibo akawa wa kwanza kulitazama.

— Niinueni, akasema. Nikaone kama mzee Suleimane ana gundi. Na kama hana, nitakaa chini, mguu nyooo, kama hivi. Nimekaa hapa saa nzima, sijafa.

— Na kusujudu? nikamwuliza.

Akajaribu palepale. Akainama mbele, mikono miwili kwenye mkeka, tumbo likamzuia njiani. Paji la uso lilibaki hewani, mbali bado na chini, lakini si mbali kama lilivyokuwa benchini.

— Njia ni ndefu, akasema kutoka huko alikoinamia. Ila naiona.

Tukajipanga kumwinua. Kwapa la kulia Abacar, la kushoto mimi, nyuma Bateria, na Diretor safari hii akashika kweli, pindo la kanzu. Awa akarudi tena mlangoni, mikono ina povu, sinia linachuruzika maji.

— Na kesho, akauliza, mnakuja wangapi?

Sote tulikuwa tumeshikilia Kontena, tunahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yeye mwenyewe ndiye anayetuhesabia, kwa ile ile sauti yake ya Alfajiri.